Uvira: Mwalimu wa darasa la sita hayumo kwenye listi

Uvira, Septemba 2024. Mwaka wa shule 2023-2024 umekwisha kitambo, karatasi za pointi zimegawanywa, na watoto wa darasa la sita waliofaulu wamekwisha kutafutiwa nafasi mahali pengine. Hata hivyo, katika shule moja ya msingi ya kikatoliki iliyo juu ya barabara kubwa, kati ya mto Kalimabenge na mto Mulongwe, wazazi hawajamaliza kuongea habari za mwaka ule. Wanapokutana kwenye bomba la maji ao baada ya Misa ya kwanza siku ya Mungu, swali linarudi lile lile: mwalimu wa darasa la sita atabaki ao atakwenda?

Huyo mwalimu ana barua ya kuwekwa kazini, tena yenye muhuri. Kila asubuhi anasaini daftari la mahuzurio. Anatayarisha masomo yake, anasahihisha madaftari, na mkaguzi akipita anamkuta mbele ya ubao. Kitu kimoja tu ndicho kinachokosekana: jina lake halimo kwenye listi ya walimu wanaolipwa na Serikali. Walimu wa Kongo wana jina la watu kama yeye, wanawaita N.P., maana yake wasiolipwa. Jina hilo wanalitamka bila hasira, kama mtu anayetaja kabila lake. Shule hii ina N.P. wawili, yeye na mwalimu mmoja mwanamke wa darasa la pili.

Kwa msomaji aliye mbali, jambo hili linahitaji maelezo kidogo. Shule za kikatoliki za Kongo si shule za watu binafsi. Serikali ya Mobutu ilizichukua mwisho wa mwaka 1974, mambo yakaharibika, na kwa mapatano ya Februari 1977 ikazirudisha mikononi mwa makanisa ili yaziongoze, nazo zikabaki kuwa shule za umma. Kanisa linaongoza, Serikali inalipa. Ndivyo ilivyoandikwa. Lakini kuanzia miaka ya 1990, mshahara wa mwalimu ulipokuwa hautoshi hata kununua sabuni, wazazi ndio waliobeba shule kwa pesa iliyoitwa primu. Kwa karibu miaka 30, kila mtoto aliyekaa kwenye benchi alikuwa na mzazi aliyehesabu franka usiku.

Katiba ya 2006, kwenye kifungu cha 43, ilikwisha kusema kwamba shule ya msingi ya umma ni ya bure. Maneno hayo yalilala kwenye karatasi mpaka Septemba 2019, Rais Félix Tshisekedi alipoamuru yatimizwe. Watoto wakaja kama mvua. Katika shule hii, darasa lililojengwa kwa ajili ya watoto 50 liliingiza zaidi ya 100, wengine wakikaa chini, wengine wakikaa wanne kwenye benchi la watu wawili. Wasichana wa miaka 12 walianza darasa la kwanza pamoja na wadogo zao. Hakuna mtu mwenye akili timamu hapa Uvira anayetaka kurudi nyuma ya siku ile.

Ila primu ilikufa siku hiyo hiyo. Mwalimu aliyekuwa kwenye listi aliongezewa kidogo na Serikali. Mwalimu ambaye hakuwa kwenye listi alipoteza hata kile kidogo alichopewa na wazazi, akaambiwa avumilie, maana majina yanaongezwa. Majina ya wengine yameongezwa kweli. La kwake bado.

Februari, mwalimu huyo alimwambia mkurugenzi kwamba shemeji yake amenunua pikipiki na anatafuta mtu wa kuiendesha. Hakutisha, hakuomba. Alisema tu kwamba bibi yake anauza makala, kwamba wana watoto watatu, na kwamba pikipiki inaleta pesa kila siku jioni. Mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebakiza miezi michache.

Mkurugenzi aliita kamati ya wazazi. Mkutano ulifanyika siku ya Posho, ndani ya darasa la tano, watu wazima wakiwa wamekunja magoti kwenye mabenchi ya watoto. Mazungumzo ya pale yanastahili kuelezwa kwa urefu, sababu ndiyo mazungumzo ya nchi nzima.

Mzee mmoja fundi seremala alisimama kwanza.

“Papa Direkteri, utupatie jibu moja tu. Shule ni bure ao si bure?”

“Ni bure, baba.”

“Basi umetuita kulipa nini?”

Watu wakacheka, na mkurugenzi pia akacheka, lakini jasho lilikuwa linamtoka. Anajua vizuri kwamba mkurugenzi akikamatwa anakusanya pesa ya wazazi anaweza kuondolewa kazini. Alisema hawaombi franka hata moja, amewaita tu ili wajue hali ilivyo. Kisha jambo lenyewe lilipofika, aliomba ruhusa atoke nje. Alikaa chini ya mwembe wa parokia, nusu saa nzima, akichezea funguo zake. Wengine walisema ni woga. Kwa kweli ilikuwa busara: kile ambacho hakukisikia hawezi kuulizwa.

Ndani, mama mmoja anayeuza ndagala alizungumza.

“Mimi nina watoto wanne hapa. Bila elimu ya bure wawili wangekuwa nyumbani, sisemi uongo. Lakini huyu wangu wa darasa la sita anafundishwa na mtu mwenye njaa. Mnaona mtoto atashika nini?”

Seremala hakukubali. Alisema wakianza kutoa, hata kama ni unga, Serikali itasema: mnaona, wazazi wanaweza. Na mwaka kesho unga utakuwa franka, na franka itakuwa primu, na mtoto wa mjane atarudi barabarani. Maneno hayo yalikuwa na uzito. Hakuna aliyepata la kumjibu mara moja.

Ndipo katekista mzee, aliyekuwa amenyamaza kwenye kona, akaeleza jambo la miaka ya 1990. Mtoto wake alifukuzwa darasani kwa kukosa primu ya mwezi mmoja. Jioni mtoto alirudi na daftari limejaa. Baba akauliza: umeandika wapi nawe ulifukuzwa? Mtoto akasema alisimama nje ya dirisha, mwalimu akajifanya hamuoni, na kila alipomaliza kuandika ubaoni alisogea pembeni ili mtoto asome. “Mwalimu yule naye hakuwa amelipwa,” katekista alisema. “Kwa hiyo mimi sina shida ya kutoa. Shida yangu ni listi. Mkiandika majina ya waliotoa, mmekwisha kuandika majina ya wasiotoa.”

Hapo mkutano ukageuka. Walikubaliana hivi: kila siku ya Posho ya mwisho wa mwezi, kikapo kikubwa kitawekwa chini ya mwembe, upande wa parokia na si upande wa shule, kikiwa kimefunikwa na kitenge. Mwenye kitu atakiweka, asiye na kitu atapita na kusalimia. Hakuna daftari. Hakuna kutangaza kanisani. Hakuna mtoto atakayetumwa kukumbusha nyumbani. Vitu vitagawanywa mara mbili, nusu kwa kila N.P. Padri Paroko aliarifiwa baadaye. Alisema kikapo ni cha wazazi, yeye atatoa tu kivuli cha mwembe. Ila mwisho wa mwezi ule mfuko wa maharagi ulikutwa pale asubuhi sana, kabla mtu yeyote hajafika, na kila mtu ana mawazo yake.

Mwezi wa kwanza kikapo kilijaa: unga wa muhogo, maharagi, chupa ya mawese, chumvi, sabuni, na kuku mmoja aliyefungwa miguu ambaye aliwapa watoto furaha kuliko vitu vyote. Mwezi wa Machi kilifika nusu.

Aprili ziwa likapanda. Uvira inajua maji. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulitoka njiani mwake na kuua makumi ya watu, na watu wa mji huu mpaka leo wakisikia mvua kubwa usiku wanavaa viatu. Mwaka huu ilikuwa ni Tanganyika yenyewe, polepole, siku baada ya siku, ikiingia kwenye mitaa ya chini: kwanza kiwanja, kisha mlango, kisha kitanda. Watu walipandisha magodoro juu ya meza, halafu wakahama. Shule yenyewe haikufikiwa, lakini watoto wengi walihamia kwa ndugu, mbali, na wengine walifika darasani bila daftari, bila ile nguo ya bluu na nyeupe. Siku mbili za salongo zilifanyika, wazazi na watoto wakubwa wakijaza mifuko ya mchanga kwenye nyumba za wajane.

Na wauza ndagala, ambao ndio waliokuwa wakijaza kikapo zaidi ya wengine, nyumba zao ndizo zilizokuwa chini. Siku ya Posho ya mwisho wa Aprili, kikapo kilikuwa na unga kidogo na vipande viwili vya sabuni. Mwalimu mwanamke wa darasa la pili alimwambia mwenzake achukue unga, yeye atachukua sabuni.

Siku tatu baadaye ilikuwa tarehe 30 Aprili, siku ya walimu katika Kongo nzima. Siku hiyo hakuna masomo. Kuna Misa, nyimbo, michezo, na mpira kati ya walimu na darasa la sita, ambapo walimu wanashindwa kila mwaka na kulaumu kiwanja. Ni siku ya zawadi pia, na tuseme ukweli, ni siku ambayo wazazi maskini wanaiogopa. Tangu primu ikatazwe, kuna shule ambapo zawadi ya tarehe 30 imekuwa primu yenye nguo mpya. Hapa mkurugenzi alitangaza mapema kwamba hakuna darasa litakalochangisha.

Darasa la sita halikusikia. Ao lilisikia likaamua kufanya kimya. Kwa muda wa majuma kadhaa, kapita wa darasa, msichana mrefu asiyesema sana, alikuwa akipokea sarafu za chakula: mia hapa, mia pale, ile franka ya mandazi. Asiyekuwa na mandazi hakuulizwa, sheria ya mwembe ilikuwa imeshuka mpaka kwao bila mtu kuwafundisha. Baada ya nyimbo walimwita mwalimu mbele wakampa mfuko wa plastiki. Ndani kulikuwa na mabote ya mpira, meusi, mapya. Mwalimu anatoka upande wa Kavimvira kwa miguu, na mwezi ule mzima alikuwa akifika akiwa na matope mpaka magotini, anaosha miguu kwenye bidoni nyuma ya darasa kabla ya kuingia. Watoto walikuwa wameona.

Mwalimu mmoja mwenye kulipwa alinung'unika kidogo kwamba yeye alipewa kalamu moja. Mwenzake alimwambia: “Wewe una listi, yeye ana mabote.” Mwalimu mwenyewe alishukuru kwa maneno machache sana, kisha akacheza mpira akiwa ameyavaa. Alianguka mara mbili. Walimu walishindwa.

Kuna waliosema baadaye kwamba mabote yale ndiyo yaliyombakisha. Hapana, mabote hayalishi watoto watatu. Alichofanya ni kitu kilicho katikati: asubuhi alifundisha, na kuanzia saa saba mchana alipanda pikipiki ya shemeji yake. Mji mzima ulimwona. Wazazi wengine waliona haya kwa niaba yake, wakavuka barabara wasikutane naye. Wengine walikuwa wakimngojea yeye tu, wakiwaacha motari wengine, na hapo kukawa na maneno na wale motari, maana nao wana familia. Watoto wa darasa lake walijifunza kumwita “Mwalimu” mpaka saa sita na nusu, na baada ya hapo kumpungia mkono tu.

Kuchoka kuna bei yake. Asubuhi moja ya Mei aliandika mahesabu matano ubaoni, akakaa, na usingizi ukamchukua kichwa kikiwa juu ya meza. Watoto zaidi ya 70 wa darasa la sita, ambao kwa kawaida hawawezi kunyamaza hata kwenye Misa ya Pasaka, walinyamaza. Kapita alisimama, akaenda ubaoni kwa vidole vya miguu, na wakasahihisha mahesabu kwa kunong'ona. Mkurugenzi alipita kwenye dirisha, akaangalia, akaendelea na njia yake. Jambo hili lilijulikana nje majuma mengi baadaye, mtoto mmoja alipolieleza kwa bibi yake.

Mtihani ulifanyika. Wengi wamepita, baadhi kwa pointi nzuri sana, na kapita wa darasa ni mmoja wao. Wachache wameshindwa, na kati yao ni wavulana wawili ambao Aprili nzima walikuwa wakihamisha vitu kutoka nyumba hadi nyumba. Mtihani unaandikwa kwa Kifaransa. Mtoto anaanza darasa la kwanza kwa Kiswahili, kisha anavushwa polepole, na mwaka wa kuvuka ukikatika, hata kwa mwezi mmoja, pengo linaonekana siku ya mwisho.

Agosti, shule ikiwa imefungwa, watoto wa Kizito-Anuarite walirudi kiwanjani kila jioni kwa mazoezi ya nyimbo. Tarehe 18 Agosti 2024 Uvira ilikuwa na siku isiyo na mfano: Kardinali Fridolin Ambongo aliongoza Misa ya kuwatangaza wenye heri watumishi wanne waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi: Waksaveri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri Albert Joubert. Babu za watoto hawa wanakumbuka mwaka ule. Mtoto mmoja wa darasa la nne aliuliza kwa nini hawakukimbia, na katekista, yule yule wa dirisha, alijibu kwamba watu wao walikuwa bado pale.

Watu walishona nguo za sherehe, na mji ulipendeza. Lakini nyuma ya furaha kulikuwa na neno la mama muuza ndagala, ambalo limetembea sana mtaani: alisema amefurahi mpaka machozi, na kwamba angependa pia kuona kitenge kile kile kikifunika kikapo kilichojaa. Wengine walimkasirikia. Hakuna aliyesema amedanganya.

Kisha ikaja siku ya kwanza, tarehe 2 Septemba, kufunguliwa kwa mwaka mpya. Masendika ya walimu, na ile ya walimu wa kikatoliki ikiwa mbele, yalikuwa yameita mgomo kudai mshahara wa kweli. Watoto walifika wakiwa safi, madaftari mapya mkononi, na kuwakuta walimu wamekaa chini ya mwembe, mikono magotini.

Mwalimu wa darasa la sita alifika na pikipiki, akaisimamisha kwenye lango. Mtu mmoja alimuuliza kwa mzaha: “Wewe hulipwi, unagoma kutoka wapi?” Lakini haukuwa mzaha. Akiingia darasani, anawavunja wenzake, na kati ya madai yao limo lile la kuwaingiza N.P. kwenye listi. Akikaa nje, anagomea mshahara ambao hajawahi kuugusa, na darasa jipya la watoto zaidi ya 80 linamwangalia. Mkurugenzi hakumwambia kitu. Seremala, ambaye mjukuu wake amepanda darasa la sita mwaka huu, alikuwa amesimama kwenye ukuta na hakusema kitu naye.

Alikaa na wenzake kwa muda wa nusu saa. Kisha akainuka, akawaita watoto wake wapya nje ya lango, barabarani, mahali ambapo si shule. Aliwaambia warudi nyumbani na washike kuzidisha, kutoka mbili mpaka kumi na mbili, kwa Kifaransa. Alisema yeye atakuwa njiani kila siku, na kila atakayemkuta atamuuliza.

Anawauliza kweli. Wapita njia wa Uvira wamekwisha kuzoea kuona pikipiki ikipunguza mwendo, dereva akitupa swali, na mtoto mwenye bidoni kichwani akijibu kwa sauti kubwa huku abiria anangoja.

Siku ya Posho ya mwisho wa mwezi, wamama walibishana kidogo kama mtu aliye kwenye mgomo anastahili kikapo. Hawakumaliza mabishano, walikiweka tu. Ndani kulikuwa na unga wa muhogo, ndagala kavu zilizofungwa kwenye karatasi ya daftari, na chupa moja ya litre ya esansi kwa ajili ya pikipiki.